Kiherehere na Hamu ya Mjomba

Kila alipotoka shule, Kiherehere alitupa mkoba kitandani, akaosha vyombo harakaharaka, akafagia nusu ya uwanja, kisha akakimbilia chumba cha mjomba wake. Jina hilo alipewa na mama yake, na hakuna aliyelipinga.

Siku hiyo mjomba alikuwa amelala ameelekea ukutani, vilevile alivyomwacha asubuhi.

"Mjomba, twende karakanani."

"Sina hamu."

Kiherehere alikuwa amechoshwa na maneno hayo. Mjomba alikuwa na skizofrenia, ugonjwa wa akili. Dawa zilikuwa zimetuliza sauti alizozisikia peke yake, na nyumba nzima ikashusha pumzi. Lakini bado alishinda kitandani, haongei, hacheki. Sasa fundi seremala aliyemwajiri alikuwa ametuma ujumbe: mwezi ukiisha bila kumwona, nafasi yake itachukuliwa na mwingine. Moyo wa Kiherehere haukutulia. Aliogopa kwamba mjomba akiikosa kazi ile, hatainuka tena.

"Basi amka upesi," alisema. "Fundi anakuita. Kuna kazi ya haraka, anasema ni wewe tu unayeiweza."

Mjomba akainuka, akavaa viatu bila soksi, akatoka. Kiherehere alimfuata huku akijipongeza kimoyomoyo.

Fundi alikuwa akizungumza na wateja. Mjomba alipomwambia ameitikia wito wake, alishangaa. "Mimi? Sijamwita mtu."

Wateja wakamkodolea macho. Mjomba aligeuka, akarudi nyumbani, akajifungia. Chakula alichopelekewa hakukigusa.

Mama alipoujua ukweli hakumfokea bintiye, na hilo lilimuuma Kiherehere zaidi. "Kesho tunakwenda kliniki," alisema. "Utakuja nawe."

Huko kliniki, mshauri aliwakaribisha, akamuuliza mjomba, "Habari za siku hizi, kaka?"

"Amekuwa mvivu," Kiherehere alidakia. "Kila kitu hataki."

Mama akamkanyaga mguu chini ya meza.

Mjomba aliinua uso. "Nikisema sina hamu, nyinyi mnasikia sitaki," alisema taratibu. "Ninataka. Ila nikiifikiria kazi, naona nitaharibu tu na sitasikia raha yoyote. Basi nalala."

"Umesikia, binti?" mshauri alisema. "Ugonjwa huu hulaza hamu, lakini raha bado ipo. Hatungoji hamu ije kwanza. Tunaanza na jambo dogo, nayo huamka polepole." Akamgeukia mjomba. "Karakanani ulipenda nini?"

"Harufu ya mbao zikipigwa randa."

"Fumba macho, uifikirie vizuri. Kesho piga randa kipande kimoja tu, kisha umweleze mtu ilikuwaje. Tuone kama kweli utaharibu."

"Na mimi nifanye nini?" Kiherehere aliuliza huku akitikisa miguu.

"Ukae kimya."

Mjomba alitabasamu kidogo. Kiherehere akainamisha kichwa. "Nilikudanganya, mjomba. Nisamehe. Niliogopa utakosa kazi."

"Hata mimi naogopa," mjomba alijibu.

Kesho yake walikwenda. Mjomba alisimama njiani mara kwa mara, na Kiherehere aliuma midomo asimhimize. Karakanani, fundi alimsikiliza mjomba akieleza kuwa amekuwa mgonjwa, akampa kipande cha ubao. Randa ilikwama. Kiherehere alitamani kuinyakua, akaikalia mikono yake. Mjomba akarekebisha chuma cha randa cha kukatia, akasukuma tena, na maranda membamba yakaanza kujikunja. Akaokota moja, akalinusa kwa muda mrefu.

"Ilikuwaje?" Kiherehere aliuliza hatimaye.

"Nzuri," alisema. "Kuliko nilivyodhani."

Fundi alikuwa akiwasikiliza. "Hiyo meza ni yako," alimwambia mjomba. "Njoo hata kwa kipande kimoja kwa siku. Nilidhani umeitupa kazi, kumbe unaumwa."

Waliporudi nyumbani, mama alimketisha bintiye jikoni. "Uongo wako ulimtoa kitandani, lakini ulimrudisha na aibu," alisema. "Jana ulimwambia kweli, leo umemngojea, na ameinuka mwenyewe. Mgonjwa hasaidiwi kwa kudanganywa wala kwa kuitwa mvivu. Haya, kamuulize atakunywa chai au maji. Na usimjibie."

Kiherehere alikwenda, akauliza. Mjomba alifikiri, akaitazama dari, akafikiri tena. Kiherehere alisimama mlangoni, miguu ikimwasha, akangoja.

"Chai," mjomba alisema. "Na wewe jimiminie, ukae nami."