Jiwe la Zamu ya Maji

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mehrnigar alimpelekea bibi yake mkate na chai ya chumvi. Kila asubuhi bibi alimuuliza, "Wanangu wamepatana?" Naye Mehrnigar aliinamisha kichwa.

Ugomvi ulikuwa wa jiwe jeupe kando ya mfereji. Kivuli cha mti kikilifikia, zamu ya maji ya baba mkubwa Niat huisha na ya Didar, baba yake Mehrnigar, huanza. Kiangazi kile jiwe lilikutwa limesogea hatua mbili; kivuli kikawa kinachelewa kulifikia, zamu ya Didar ikapungua, na miaprikoti yake ikaanza kukauka. Didar alimwita kaka yake mwizi. Niat akaapa kwamba hakuligusa. Tangu hapo hata salamu hawakupeana.

Aliyelisogeza alikuwa Mehrnigar. Alilivuta kivulini alikalie akivunja kokwa, kisha akalirudisha kwa kukisia. Woga ukamfunga mdomo. Theluji ilipoanza kuanguka bibi akafariki, na wanawe wakamzika bila kutazamana.

Theluji ilipoyeyuka, Didar alikwenda mjini kutafuta wakili, akamchukua binti yake amsomee karatasi. Walielekezwa kwa Bi Zaibunisa.

"Kesi hii itawazeesha wote wawili, kaka yangu," alisema wakili. "Mlete ndugu yako kwanza. Tuketi, tusikilizane."

Juma lililofuata Niat alifika, akakaa karibu na mlango.

"Nimekuja kwa heshima ya wakili, si yako," alimwambia Didar.

"Mwizi naye anajua heshima?"

"Basi, jamani!" Bi Zaibunisa aliwakatiza. "Kuna aliyeona jiwe likisogezwa?"

Mehrnigar aliangua kilio. "Ni mimi, Baba! Nililikalia tu. Baba mkubwa hakufanya kitu."

Niat alivua kofia yake, akajifunika nayo uso. "Laiti ungesema Mama akiwa hai, mwanangu," alisema. Didar aliinuka, akamwangukia kaka yake magotini. "Nisamehe, kaka. Nilikuita mwizi mbele ya Mama."

Bi Zaibunisa alimfuta Mehrnigar machozi. "Kosa lako lilikuwa dogo, binti. Kulificha ndiko kulikoleta haya. Ukikosea, sema mapema, maana wengine hawawezi kusubiri."

Jioni ile ndugu wawili walilirudisha jiwe mahali pake. Mehrnigar aliwatazama akilia. Sasa alikuwa na jibu la bibi, lakini bibi hakuwepo kulisikia.