Kasha la Muziki Lililokohoa

Uvumi ulianzia mnadani Sainte-Croix, mji wa Uswisi wa mafundi wa makasha ya muziki: ukinunua kasha kwa muuzaji Verrey, hukai nalo. Watu wawili walikutwa wamekufa majumbani mwao. Makasha hayakuonekana tena.

Polisi walisema ni moyo.

Odile Jaccard, jasusi wa serikali, aliupuuza uvumi ule. Lakini ulimng'ang'ania kama kupe.

Simu ikalia.

"Mwanangu, nimepata kasha la muziki, lile la sahani ya chuma inayozunguka! Kwa Verrey. Linaimba vizuri, ila linakohoa."

Odile akanyakua ufunguo wa gari.

"Mama, usimfungulie mtu mlango. Nakuja."

"Njoo na mkate."

Subaru ikapasua theluji.

Jikoni kwa Mama supu ya viazi ilikuwa ikitokota. Odile akaitoa ile sahani ya chuma, akamulika ndani kwa tochi. Meno ya chuma yanayotoa sauti yalikuwa ya zamani. Skrubu za zamani za hapa ni za buluu. Hizi ziling'aa nyeupe, za juzi. Chini ya kipepeo kinachopunguza mwendo palifichwa chupa nyembamba ya chuma; ndiyo iliyolifanya kasha likohoe.

Akashika redio. "Kituo, nimeipata. Ile sumu tunayoisaka, ya kuulia watu kwenye mkutano wa Geneva. Verrey anaificha kwa wateja, kisha anairudia."

"Kikosi kiko mlimani, theluji imewazuia. Jilinde mwenyewe mpaka wafike."

Nje, mlango wa gari ukabamizwa.

Odile akairudisha sahani. Akakaza ufunguo wa kasha mpaka springi ikagoma. Akafunga breki ya kipepeo, kasha likatulia.

Verrey aliingia na bastola yenye kizuia sauti.

"Ukutani, wote wawili! Wewe dada, bastola yako chini."

Odile akaitupa sakafuni.

"We baba, unaingia na viatu vya theluji kwenye nyumba ya watu?" Mama akafoka.

"Nyamaza, bibi. Wenzako wawili nao walikuwa na midomo."

Verrey alikuwa muuzaji wa mjini, hajawahi kutengeneza hata kasha moja. Akashika bisibisi kwa mkono mmoja, akainamia kipepeo.

Mama akashtuka. Mtoto yeyote wa Sainte-Croix anajua: kwanza unalegeza springi.

"We, kabla hujafungua..."

Odile akamfinya.

Skrubu ikatoka.

Kasha likapiga yowe. Sahani ikazunguka kama msumeno, meno yakaruka, vidole vya Verrey vikiwa katikati. Bastola ikaanguka.

Teke moja. Pingu.

"Kasha langu," Mama akalia.

"Bora kasha, mama."

Kikosi kilipofika, Odile alikabidhi chupa ikiwa nzima, akavaa koti.

"Unakwenda wapi tena?"

"Kununua mkate."

Akatoka bila kugeuka.

Nanyi mnaopenda vitu vya kale, epukeni haya:

Kasha linalokohoa.
Skrubu mpya kwenye kitu kikuukuu.
Muuzaji anayeuliza kama unaishi peke yako.
Kufungua kipepeo springi ikiwa imekazwa.
Kumfungulia mlango anayesema amesahau kitu ndani ya alichokuuzia.