Nahodha Asiyejua Upande Wake

Kila Jumamosi ya msimu wa mpira, Lavinia Stroud alijaza ndoo maji, akatumbukiza sifongo, akaipeleka uwanjani. Baba yake alikuwa kocha wa chuo chetu kidogo, hapa Ohio. Mpira wetu hukumbatiwa kifuani, na watu huangushana kama mafahali. Miaka ile walicheza vichwa wazi, wamefuga nywele ndefu ziwe ndiyo kinga.

Jumamosi hiyo wakuu wa chuo walikuwa wamekwisha kusema: akishindwa, kocha afungashe virago. Nyumba yao ilikuwa ya chuo, ndani mna kichanga cha wiki moja, na theluji ilikuwa inakaribia.

Wakati wa mapumziko, Lavinia alimkuta nahodha, Emmett Kolb, aliyekuwa amegongwa kichwa kipindi cha kwanza, akitapika nyuma ya banda.

"Kaka Emmett, unaumwa?"

"Nimezidisha maharage tu. Kipindi cha pili tunashambulia upande gani?"

"Wa mtoni. Nimekwambia sasa hivi."

Emmett akamshika mkono. "Usimwambie baba yako. Nikitolewa sirudi tena, ndiyo sheria. Bila mimi mmekwisha. Mtalala wapi na kile kichanga?"

Lavinia akaokota ndoo yake. Filimbi ikalia. Emmett akaingia, akajipanga na wapinzani.

"Nahodha, umehamia kwao?" mwenzake akamtania. "Chakula chao kitamu?"

Wote wakacheka. Emmett akacheka mwisho, peke yake, macho yakielea.

Lavinia akamvuta baba yake koti. "Baba, Emmett hajui alipo. Ametapika. Aliniomba nisiseme."

Kocha akatazama jukwaa la wakuu, kisha akamgeukia binti yake. "Unajua maana yake kwetu?"

"Najua, baba."

Kocha akamwinulia mwamuzi mkono. Emmett akatolewa akilia. "Umetuuza, kitoto wewe," akamwambia Lavinia.

Wakashindwa vibaya. Jioni daktari alisema kichwa cha Emmett kimeumia ndani. Pigo moja zaidi lingemuua. Akilala kitandani mwezi mzima, atapona.

Jumatatu kocha akafukuzwa. Walipokuwa wakifunga magodoro, Lavinia alishindwa kujizuia.

"Ningenyamaza, tungeshinda."

"Huenda," baba akajibu. "Halafu nani angekwenda kumwambia mama yake Emmett? Kazi nitatafuta, mwanangu, na nisipopata nitapasua kuni. Mtu akikuomba umfichie maradhi yake, usimkubalie, hata akuchukie. Haya, shika upande ule wa kitanda."

Lavinia akafuta machozi, akashika.