Mwalimu Asiyepokea Simu

Minara ya simu na intaneti ya kampuni binafsi ndiyo kwanza ilikuwa imefika kando ya reli. Jioni hiyo nilishuka Kintinku na betri ya gari kichwani. Kazi yangu ilikuwa kuwasaidia walimu waliofundishia chuo chetu kwa mtandao: nyaya, betri, kompyuta zilizogoma.

Mwalimu Samweli hakuwahi kupokea simu. Aliandika tu.

Bibi mmoja alifungua mlango.

"Shikamoo, bibi. Nimeleta betri ya mwalimu."

"Marahaba. Weka hapo, uende."

"Lazima nimwone. Ofisi inafunga darasa la mwalimu asiyeonekana kwa macho."

Akacheka kidogo. "Macho tu? Basi mtazame. Usimsemeshe, ulimi hana."

Ndani kulinuka pumba zilizochacha. Mbele ya mwanga wa kompyuta mtu alikaa kwenye kigoda, anaandika.

Ta... ta... ta...

Kidole gumba cha kushoto kilikuwa nusu.

Kilikatwa na shoka nyumbani kwetu Mkiwa, mwaka wa njaa. Mimi ndiye niliyekifunga kitambaa.

Huyu hakuwa Samweli. Alikuwa Calist. Kaka yangu, mwalimu wa sekondari. Tulimzika miaka mitatu kabla ya hapo.

Hakugeuka. Vidole vilihamia sehemu ya kuombea msaada wa kompyuta, inayosomwa na mimi peke yangu.

"Dada. Funga darasa langu. Nipumzike."

"Anaandika nini?" bibi alininong'oneza. Hakujua kusoma.

"Somo."

"Vizuri. Siku akikosa kazi namrudisha kaburini. Silishi mtu wa kukaa bure."

Nilimshika Calist mkono nimvute. Ulikuwa baridi, hauna uzito. Bibi akazima kompyuta.

Giza.

Ta... ta... ta...

Nilikimbia.

Asubuhi nilirudi na mwenyekiti wa kijiji na mgambo. Nyumba ilikuwa tupu. Pumba bakulini zilikuwa bado mbichi.

Jioni, niliporudi nyumbani, somo likaja kwenye kompyuta yangu kama kawaida. Chini yake: "Dada, funga."

Nilimweleza mama yote. Ofisi ilikuwa imeniachia mimi uamuzi wa kufunga darasa. Kubofya mara moja kungetosha. Mama alitazama kioo cha kompyuta.

"Ukifunga, anarudi kaburini?"

"Ndivyo alivyosema yule bibi."

"Usipofunga, yupo?"

"Yupo, mama. Lakini anaomba..."

"Nilishamzika mara moja," mama alisema taratibu. "Mwongezee wanafunzi."