Pikapu Iliyogoma Kaburini kwa Fuatino

Jioni ile Penitoa hakutaka kupita Salemuta. Kwa miaka miwili alikuwa amekiepuka kijiji hicho jua linapozama, na visingizio havikumwishia: mara barabara ina mashimo, mara mbwa wa huko wakali, mara kuna mteja anamsubiri upande wa pili. Lakini mvua ya siku tatu ilikuwa imebomoa daraja la barabara ya juu, na bintiye Moelagi alikuwa amelala kiti cha nyuma cha pikapu, kichwa mapajani mwa mama yake, akiuma kanga ili asipige kelele. Njia ya kwenda hospitali ilibaki moja tu, ya pwani, inayokata Salemuta katikati.

"Baba Moelagi, kanyaga mafuta," alisema mkewe, Lagimaina. "Mkunga amesema mtoto ametanguliza miguu."

"Nakanyaga."

"Unakanyaga kama umebeba trei za mayai!"

Ndipo baragumu la kome likalia.

Huko Savai'i, kisiwa cha Samoa, saa ya sala ya jioni si jambo la mzaha. Kome likilia mara ya kwanza, watu wanaingia ndani. Likilia mara ya pili, kijiji kizima kinasali, na mpaka lilie mara ya tatu hakuna mguu wala gurudumu linalosogea. Vijana wa zamu husimama kando ya barabara, na mbishi akipita, wazee humtoza faini. Penitoa alilelewa hivyo. Alipoona kijana mmoja ameinua mkono, mguu wake ulikanyaga breki na vidole vikazungusha ufunguo kabla hajafikiri. Injini ikazimika.

Kijana akachungulia dirishani. "Samahani, mzee wangu, sala imeanza... Ala! Ana uchungu? Si ungepiga honi tu! Piteni, piteni. Wazee nitawajibu mimi."

Penitoa akawasha.

Nge-nge-nge-nge-nge.

Starta ilizungusha vizuri, betri ilikuwa na nguvu, lakini injini haikushika. Akajaribu tena. Akajaribu mara ya tatu, huku jasho likimtoka ingawa upepo wa mvua ulikuwa wa baridi.

"Tusukume?" aliuliza kijana.

"Kusukuma ni kwa gari lisilozunguka. Hili linazunguka, haliwaki. Hakuna gari jingine hapa?"

"La mchungaji tu, na limeenda bandarini. Ngoja nikimbie kijiji cha pili." Akatoweka gizani, ndara zikimpiga visigino.

Penitoa akageuza shingo kutazama aliposimama. Alijuta kutazama.

Ilikuwa nyumba isiyo na kuta, nguzo tu na paa, taa moja ikining'inia katikati. Mbele yake, karibu kabisa na barabara, palikuwa na kaburi jeupe lenye shada bichi. Ndani, mwanamke mmoja aliketi amewapa mgongo, akiimba wimbo wa sala peke yake. Kila mtu kisiwani alimwita Mama Fuatino, kwa jina la binti aliyelala ndani ya kaburi lile. Fuatino aligongwa hapo hapo barabarani, ana miaka kumi na sita, akikimbia kuwahi nyumbani kabla kome halijalia mara ya pili. Aliyemgonga hakusimama, na hakujulikana.

Hakujulikana kwa watu wengine.

"Unatazama nini?" alifoka Lagimaina. "Shuka utengeneze! Mafundi wote kisiwa hiki wanakuamkia, leo ndio unashindwa?"

Moelagi akatoa mlio ambao baba yake hakuwahi kuusikia tangu azaliwe. Penitoa akashuka, akafungua boneti, akawasha tochi na kuibana kwa meno.

Kwa miaka thelathini alikuwa akiwaambia wateja maneno yale yale: injini ikizungushwa na starta isiwake, imekosa mafuta, au imekosa moto, au imekosa hewa. Ukitafuta kwa utaratibu utaipata. Anayeparamia kubadilisha vipuri ni kanjanja.

Akaanza na mafuta. Akachomoa mpira wa petroli kwenye kabureta.

"Piga starta!"

Lagimaina alikuwa ameshahamia mbele. Akazungusha ufunguo. Petroli ikaruka, safi, ikamlowesha mkono. Mafuta yapo. Akaurudisha mpira.

Akaenda kwenye moto. Akaingiza mkono katika kopo la spana kutafuta ya plagi, na vidole vyake vikagusa kitu chembamba chini kabisa. Alikijua bila kukiona. Kilikuwa chanuo la gamba la kasa, la kuchomeka kwenye nywele za msichana. Akakisukuma pembeni, akatoa spana, akafungua plagi na kuigusisha kwenye chuma cha injini.

"Piga!"

Cheche ya buluu. Ta, ta, ta. Moto upo.

Lakini plagi ilikuwa na unyevu. Akaisogeza puani. Haikunuka petroli...

Ilinuka maua ya langilangi.

Akajiambia ni shada la kaburini, upepo umeleta. Akafungua kifuniko cha chujio la hewa.

Nywele.

Ndefu, nyeusi, zimelowa, zimejiviringa mle ndani kufuata duara la chujio, na katikati yake maua mawili ya langilangi, mabichi kabisa. Alikuwa amesafisha chujio lile siku iliyotangulia kwa mikono yake mwenyewe. Akafumba macho, akazitoa kwa ncha za vidole, akazitupa majanini, akafunga kifuniko na kurudisha plagi.

"Piga!"

Nge-nge-nge-nge. Haikuwaka.

"Baba..." Moelagi aliita kwa sauti ndogo. "Baba, nahisi baridi. Nani amekaa miguuni kwangu?"

"Hakuna mtu, mwanangu," mama yake alimjibu, lakini aligeuka kutazama, akarudisha uso mbele haraka.

Kilibaki kipimo kimoja, cha mafundi wa zamani. Penitoa akafungua tena plagi, akaziba tundu lake kwa kidole gumba ili asikie kama injini inabana hewa. Mkewe akapiga starta. Fuu, fuu, fuu. Pumzi kali ikamsukuma kidole. Injini ilibana vizuri sana.

"Basi, acha!"

Starta ikanyamaza.

Kidole kiliendelea kusukumwa.

Fuu... Kisha kikavutwa ndani, polepole. Kisha fuu... tena. Pumzi ya joto, ya mtu aliyetoka kukimbia.

Penitoa akaruka nyuma, tochi ikamtoka mdomoni. Alibaki amesimama mvuani, na aibu ya miaka miwili ikampanda yote kwa mpigo. Pikapu ile ilikuwa ya Kolone, mdogo wake wa tumbo moja. Aliileta gereji usiku ule wa ajali, taa moja imevunjika, akasema amegonga nguruwe. Penitoa alinyoosha bodi, akapaka rangi, na kwenye matundu ya grili akatoa shada la langilangi na chanuo, akalificha chanuo chini ya kopo la spana. Kesho yake kisiwa kizima kilikuwa kinalia. Yeye, mkuu wa ukoo wao, alikwenda mazikoni akaimba na wenzake. Kolone akahamia Niu Zilandi, gari akamwachia kaka.

"Lagi," alisema. "Hakuwa nguruwe."

Mkewe alishika usukani kwa mikono miwili. "Nilijua. Shati la Kolone nililifua mimi, na lilinuka langilangi."

Walitazamana. Nyuma, Moelagi alikuwa ameacha kulia, na ukimya wake ulitisha kuliko kelele.

"Ule mkeka uko wapi?" Penitoa aliuliza.

Lagimaina alikuwa ameubeba mkeka mwororo wa ukoo, uliosukwa na bibi yake kwa miaka mitatu, awape wakwe wa Moelagi mtoto akizaliwa. Hakuuliza wa nini. Msamoa yeyote anajua mkeka kama ule una kazi gani zaidi ya zawadi. Ukoo ulioua huja nyumbani kwa waliofiwa, huinama chini, mkuu wake hujifunika mkeka, na hungoja. Hiyo ndiyo ifoga. Wenyewe wakiunyanyua mkeka, wamesamehe. Wakija na panga, ni haki yao.

Penitoa akarudisha plagi. "Endelea kupiga starta," alisema. "Usiache."

Akatoa chanuo kwenye kopo, akapita kando ya kaburi, akapiga magoti kwenye majani yaliyolowa mbele ya nyumba, akajifunika. Chanuo akaliweka juu ya kiganja kilichonyooshwa mbele.

Nje ya mkeka ilisikika mvua. Starta ikizunguka na kupumzika. Wimbo wa Mama Fuatino ukaendelea, haukukatika hata kwa neno moja.

"Nisamehe," alinong'ona. "Usimchukue wangu. Niliogopa. Nilinyamaza. Nisamehe."

Chwa...

Nyayo tupu kwenye matope.

Chwa... chwa...

Zikasimama mbele yake. Harufu ya langilangi ikamjaa kooni. Vidole vya baridi vikachukua chanuo kiganjani, taratibu, na upindo wa mkeka ukanyanyuliwa.

Penitoa hakuthubutu kuinua uso. Aliona miguu tu, midogo, imetapakaa matope. Wa kushoto ulielekea kwake. Wa kulia ulikuwa umegeukia nyuma.

Nyuma yake injini ikanguruma.

"Imewaka!" Lagimaina alipiga yowe. "Njoo! Njoo!"

Alikimbia bila kutazama upande wowote.

Mtoto alizaliwa usiku huo, wa kiume, baada ya daktari kumgeuza, na Moelagi akaishi. Daktari alisema wangechelewa dakika kumi zaidi asingekuwa na la kufanya. Penitoa alilia mbele ya wauguzi wote bila kuona haya.

Alasiri ya kesho yake alirudi Salemuta. Mama Fuatino alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kaburi, akibadilisha maua.

"Mama Fuatino, nimekuja kushukuru," alisema Penitoa, ameinamisha kichwa. "Umeninyanyulia mkeka, na mimi sistahili."

Mwanamke yule aliyaweka maua chini.

"Nani amekunyanyulia?"

"Jana... wakati wa sala..."

"Jana niligeuka, nikakuona. Nyumba yangu haina kuta, Penitoa. Ulipopiga magoti tu nilijua umeleta nini. Nikamwomba Mungu asinipe nguvu za kuinuka, na sikuinuka. Nimeimba mpaka sauti imenikauka." Akafungua kiganja. Chanuo lilikuwa pale, na nywele ndefu zilizolowa zimenasa kwenye meno yake. "Hili nimelikuta asubuhi juu ya kaburi. Na mkeka wako, umekunjwa vizuri. Mwanangu ndiye aliyekuwa akikunja hivi, pembe ndani."

Penitoa alirudi nyuma hatua moja.

"Chukua mkeka wako," alisema Mama Fuatino. "Mimi sijakusamehe. Jana ulikuja kwa sababu gari lako limegoma. Kesho alfajiri njoo kwa miguu yako, njoo peke yako. Nitatoka na panga, na nitaamua nikifika."

Lagimaina alimsihi asiende. Akamwambia mjukuu ni mchanga, angalau aende na ukoo mzima kama desturi inavyotaka. Penitoa alimjibu kwamba walionyamaza hawakuwa ukoo mzima.

Alifika kabla ya jogoo. Aliiacha pikapu nyumbani, akatembea saa mbili gizani akiwa na mkeka begani. Akapiga magoti pale pale, majani yalikuwa bado yamelala kwa alama za magoti yake, akajifunika. Safari hii hapakuwa na starta wala wimbo. Palikuwa na bahari tu, mbali, na baridi.

Akangoja. Mwanga ukaanza kupenya kwenye mkeka. Miguu ikafa ganzi. Akasikia panga likichomolewa kwenye nguzo, kisha nyayo za mtu mzima zikija polepole, zikikokota upande mmoja kwa uzee.

Ndipo akasikia pumzi.

Si ya nje. Ilikuwa humo humo, chini ya mkeka. Fuu... Fuu... Bega dogo lililolowa likaegemea bega lake, na harufu ya langilangi ikajaa. Penitoa alifumba macho kwa nguvu zote, hakugeuza kichwa.

Nyayo zikasimama mbele yake. Kisha panga likaanguka majanini.

"Penitoa," Mama Fuatino alinong'ona. "Nilikwambia uje peke yako. Mbona mko wawili?"