Macho ya Kijani kwenye Fomu

Siku Radhamés alipomwona Yaniris, Barabara ya Duarte ilikuwa imefurika watu wa Jumamosi. Yaniris alikuwa na rola kumi na sita za kunyooshea nywele kichwani, kafunga kitambaa cha waridi juu yake, gauni la njano limemshika kiuno, mkononi ndizi mbichi.

"Dada, hizo rola zinashika redio?"

"Zinashika wajinga. Nimeshanasa mmoja."

Radhamés akacheka mpaka akaegemea ukuta. Tangu siku ile akamwita mweusi wangu, kama wanaume wa Santo Domingo wanavyowaita wanaowapenda kweli.

Wakaoana. Tatizo, wote wawili walibeba kwenye damu urithi wa ugonjwa wa seli mundu, na Yaniris alishamzika mdogo wake kwa ugonjwa huo. Wakaenda kliniki. Mimba zikatungwa kwenye vichupa, daktari akachuja zenye ugonjwa, zikabaki mbili nzima. Moja ingepandikizwa Ijumaa.

"Kwa kuwa zimebaki mbili," daktari akasema huku akitabasamu, "kila mmoja ajaze fomu. Macho, nywele, rangi. Tutachagua inayokaribia."

Hapo ndipo shetani alipopewa kiti.

Alhamisi asubuhi Yaniris alikunja shati la mumewe, fomu ikadondoka mfukoni. Macho: kijani.

Kijani! Mwenye macho hayo alimjua mmoja tu: Noris wa duka la dawa, aliyekuwa mchumba wa Radhamés miaka mitatu. Akajiona amembeba Noris tumboni miezi tisa, anamnyonyesha Noris, anamfulia Noris nepi, na Radhamés ameinama juu ya kitanda anamtazama Noris wake.

Akafungasha, akaenda kwa mama yake. Simu ikaita mara nane. Ya tisa akapokea.

"Mweusi wangu, uko wapi?"

"Usiniite hivyo. Mwite huyo paka wako wa duka la dawa."

"Noris? Ameingiaje hapa?"

"Ameingia kwa macho! Unataka nikuzalie Noris?"

Yaniris alikuwa anamwomba Mungu mume wake akane haraka. Hakukana.

"Nilipotembea naye watu waligeuka," Radhamés akasema polepole. "Hata mlinzi wa benki aliniita bwana. Nikiwa peke yangu hageuki mtu. Nilitaka mtoto wetu ageukiwe."

"Na ukitembea na mimi?"

"Sijasema hivyo, mpenzi."

"Umeandika!"

"Haya, na wewe? Fomu yako hii hapa juu ya friji. Nywele: laini, zilizonyooka. Kwetu nani anazo? Kwenu nani? Au ni za yule mwalimu wa dansi uliyemwacha? Maana yule nywele zilimfika mabegani."

Yaniris hakuwa amemfikiria mwalimu wa dansi hata kidogo. Alifikiria saluni anakofanya kazi, vitoto vya miaka saba vinavyolia chini ya draya, mama zao wakisema vumilia, utapendeza. Na mkono unaovuta nywele ni wake.

"Sikutaka alie kwenye kiti changu," akasema.

"Basi usimkalishe."

Ijumaa Yaniris alifika kliniki nywele zikiwa zimelowa, zimejikunja zenyewe, bila rola. Radhamés alikuwa mlangoni na juisi mbili za pasheni. Hawakusemezana mengi. Walichana fomu zote mbili mbele ya daktari.

"Pandikiza yoyote," Yaniris akasema. "Zote nzima. Mengine hatutaki kuambiwa."

Alizaliwa msichana. Muuguzi alimlaza kifuani kwa mama yake, kafumba macho, kalowa kichwa. Yaniris akainama kuchungulia, na paji lake likagongana na la Radhamés. Naye alikuwa anachungulia palepale.

Wakatazamana kama wezi waliokutana dirisha moja.

Mtoto akaanza kufumbua. Yaniris akamfunika uso kwa kiganja, taratibu.

"Vidole kwanza," akasema. "Hesabu vidole, baba yake."

Radhamés akahesabu, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, miguu. Alipomaliza, kiganja cha Yaniris kilikuwa bado hakijaondoka machoni pa mtoto, na hakuna aliyethubutu kukisogeza.