Mzinga Uliopelekwa Kivulini

Kila alasiri akitoka shule, Kitinda, binti wa mwisho nyumbani kwao, alikwenda kwa shangazi yake mfuga nyuki kujaza beseni la maji ya nyuki. Kati ya mizinga ya pale, mmoja mdogo ulikuwa wake. Alikuwa ameahidiwa asali yake ya kwanza, na aliupenda mzinga huo kupita kiasi.

Siku moja jua lilikuwa kali na shangazi hakuwepo. Kitinda akauonea huruma mzinga wake, akaupakia kwenye toroli na kuupeleka kivulini nyuma ya nyumba. Jioni akaurudisha. Kumbe nyuki wakubwa waliokuwa nje wakitafuta chakula walirudi palepale walipopazoea, wakakosa nyumba yao, wakajiingiza katika mizinga mingine.

Kesho yake mlango wa mzinga ule ulikuwa kimya.

"Ni yule jirani mkulima wa nyanya na dawa zake za kuua wadudu," shangazi alisema, akivaa viatu. "Leo atanitambua."

Kitinda alimshika mkono. "Shangazi, ngoja. Ni mimi niliyeuhamisha." Akaeleza yote, machozi yakimtoka. "Sasa waliobaki ndani watakufa njaa?"

Shangazi alikaa chini, akamvuta karibu. "Wangekuwa wavivu wa kuamka kama wewe, wangekufa. Waliobaki ni wadogo, kazi yao kulea watoto. Lakini ndani ya kila nyuki kuna jeni, yaani maagizo aliyozaliwa nayo. Mengine yamelala. Wadogo wasipokutana na wakubwa mzingani, maagizo ya kutafuta chakula huamka mapema. Yakiamka, nyuki hubadilika, na mzinga mzima hubadilika naye. Sisi tuwasaidie kwa maji ya sukari."

Kitinda aliwapelekea maji hayo kila siku, hana raha. Hatimaye asubuhi moja nyuki mdogo akatua mlangoni, miguu imejaa chavua ya njano. Akafuata mwingine, na mwingine.

"Shangazi, wameamka," alinong'ona.

"Wameamka kwa sababu mzinga haukuwaficha kitu," shangazi alisema, akimfuta jasho usoni. "Walijua wenzao hawapo, wakajua la kufanya. Na mimi nilijua la kufanya uliponiambia ukweli. Ungenyamaza, mwanangu, saa hizi ningekuwa nimegombana na jirani asiye na kosa, na nyuki wako wangekufa njaa."